Siku Ngazi Alipokataa Kutoka Uwanjani

Nilikuwa nimeshamwita mchezaji wa akiba, nimeshamshika bega na kumwambia "ingia", na yule anayetakiwa kutoka akagoma.

Hakugoma kwa maneno. Alitikisa kichwa tu, kama mtu anayeongezewa chakula ilhali ameshiba.

Refa akaniangalia. "Kocha, mnabadilisha au hambadilishi?"

Ni fainali, seti ya mwisho inayoishia pointi kumi na tano, tuko kumi na tatu kwa kumi na tatu, na kocha ninayegomewa ni mimi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Nafundisha voliboli wasichana wa mtaani kwetu, wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Sikusomea. Kazi yangu ni kushona mapazia. Ukocha nimeujulia kwenye simu, video moja baada ya nyingine, na kwa kuuliza wanaojua.

Aliyegoma ni mtoto wa kaka yangu. Tunamwita Ngazi. Mwaka jana alikuwa ananifika begani. Mwaka huu akitaka kunisalimia inabidi ainame.

Sasa, kwenye voliboli wachezaji wanazunguka. Mara uko mbele kwenye wavu, mara zamu inakutupa nyuma, unapokea mipira inayokuja kwa kasi. Makocha wengi wakiwa na mtoto mrefu, akifika nyuma wanamtoa, wanaingiza mfupi mwenye miguu myepesi. Mrefu anakaa benchi mpaka zamu ya mbele irudi.

Kwa mtindo huo unashinda sana.

Mimi sikuwa namtoa. Kwangu kila mtoto anacheza kila mahali. Ngazi akifika nyuma anabaki, anapokea, na mara nyingi mpira unamgonga mikono unaenda kwa majirani. Mechi kadhaa tulizipotezea kwa majirani.

"Huyu hajamaliza hata kukua," nilikuwa nawaambia wazazi. "Wenzake wakimfikia urefu, atabaki na nini?"

Wifi yangu, mama yake Ngazi, alikuwa na jibu. "Atabaki na vikombe."

Wiki ya fainali ikaja habari kwamba shule ya michezo, ile ya bweni inayosomesha bure, inatuma mtu kuchagua mchezaji mmoja. Wifi akanifuata kibandani kwangu, akakaa juu ya jora la kitambaa bila kukaribishwa.

"Wifi, mimi na wewe hatujawahi kugombana."

"Hatujawahi."

"Basi tusianze. Jumamosi mwanangu akifika nyuma, mtoe. Huyo mtu akimwona anaangusha mipira, mtoto amekwisha."

"Nimekusikia, wifi."

"Kusikia unasikia siku zote."

Kaka yangu alipoulizwa, alisema yeye hajui voliboli. Mtu mwenye akili.

Jumamosi mchaguzi tulimtambua mapema. Mwanamume wa makamo, kofia pana, kalamu juu ya sikio, anatembea pembeni mwa uwanja akihesabu kitu kimoyomoyo. Wifi akamkalisha kivulini, akampa soda baridi. Seti mbili nzima alikuwa ubavuni kwake, akimweleza Ngazi alianza kutembea akiwa na miezi mingapi.

Mzee anaitikia kwa kichwa. Aliuliza swali moja tu: "Hii itaisha saa ngapi?"

Wifi akaja mbio kuninong'oneza. "Umeona? Ameshaona anachotaka, anataka kuondoka. Mtoe Ngazi kabla hajaharibu."

Wapinzani nao walikuwa wameshamgundua. Kila Ngazi akifika nyuma, mpira unaanzishwa kumlenga yeye. Ameshaangusha mitatu. Nyuma yangu wazazi wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha watu wasioumwa.

Nikalegea. Nikawaza ada. Nikawaza sura ya wifi kwenye kila harusi ya ukoo mpaka nife. Nikaita mchezaji wa akiba.

Na Ngazi akagoma.

"Shangazi, bado sijaupokea hata mmoja," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikamwambia refa hatubadilishi.

Mpira ukaanzishwa. Ukamwendea yeye, nani mwingine. Ngazi akasogeza miguu kwanza, magoti yakakunjika, mikono ikatulia. Mpira ukapanda taratibu, ukashukia pale pale aliposimama mgawaji wetu. Hakuna jirani aliyesumbuliwa. Mgawaji akaunyanyua vizuri, mpigaji wetu akapiga kwa nguvu zake zote.

Nje.

Uliofuata Ngazi akaupokea tena, safi. Safari hii mpigaji akagonga wavu.

Tukafungwa fainali.

Ngazi akaja anacheka. "Shangazi, umeiona ile?"

"Nimeziona zote mbili."

"Watu wote wameona," wifi akasema.

Tulipogeuka, yule mzee alikuwa anakunja viti. Akakunja kimoja kimoja mpaka akafika kwa wifi, aliyekuwa ameshakaa.

"Samahani, mama. Hicho nacho ni cha kwangu. Nakodisha."

Wifi akasimama. Sijawahi kumwona anasimama polepole namna ile.

Hapo akatusogelea mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika kibendera cha mstari, cha kuonyesha mpira uliotoka nje, kona ya nyuma, mechi nzima. Akasema mwenye kibendera hakutokea, ndipo akaomba ashike yeye. Anatoka shule ya michezo.

Wifi akatafuta pa kukaa. Viti vimekwisha.

"Urefu wake niliuona tangu getini," mwanamke akasema. "Nilitaka kuona mpira ukimfuata anafanya nini. Kwenye kona ile unaona vizuri."

"Kwa hiyo umemchukua?" wifi akauliza.

"Nafasi yake ipo. Ya mwakani. Mwaka huu hapana."

"Kwa nini, kama amekupendeza?"

Akapunguza sauti. "Kwetu tunadaiwa vikombe, mama. Akija sasa, kocha wetu atampandisha kwenye wavu na hatashuka. Ataruka mpaka magoti yachoke, na kupokea hatafundishwa na mtu. Mwache kwa huyu mwaka mmoja zaidi."

Wifi akanigeukia.

"Yaani amefaulu, halafu zawadi yake ni kubaki na wewe."

"Ndivyo ilivyo, wifi."

Ukikabidhiwa mtoto umfundishe, jiulize atakuwa anaweza nini akifika miaka ishirini. Watakaoshangilia Jumamosi hii, Jumapili watakuwa na mambo yao. Mimi nilikuwa naihubiri hiyo kila siku, na siku ilipodaiwa, aliyeikumbuka ni mtoto.

Watu wakatawanyika. Ngazi alikuwa bado anatupa mpira ukutani na kuupokea. Wifi akasimama kando yangu, mikono kiunoni, akimtazama.

"Mbona huo mguu wa kushoto unachelewa?" akauliza.

"Unachelewa," nikasema. "Tunaanza nao kesho."