Kijilango cha Hewa ya Moto

Mshonaji alikuwa akimdharau mumewe kwa adabu tangu siku alipowatoa kuku bandani ili aunde ndege humo. Hakumtukana. Alimuuliza tu, kila alipomletea chai, kama ndege imeanza kutaga.

Mume huyo, fundi majokofu aliyejifunza urubani ukubwani, alivimba kichwa kupita kiasi. Vipuri vya dukani aliviita vya watu wasio na mikono. Kwa hiyo kisanduku cha kuingizia hewa kwenye injini alikikunja mwenyewe kwa bati la aluminiamu, akakitia kijilango ndani. Kikilala upande mmoja, injini ilivuta hewa baridi yenye nguvu. Kikigeuka, ilivuta hewa ya moto kutoka kandokando ya ekzosi, ili kabureta, panapochanganyika hewa na petroli, isigande barafu angani na kuizima injini. Kutoka kijilango hadi kishikio kilichokuwa mbele ya kiti cha rubani alipitisha waya wa breki ya baiskeli.

Asubuhi ya siku ya kuruka majirani walijaa getini. Alikuwa amewatangazia kwamba ndege itakokotwa hadi uwanjani, naye ataruka. Lilibaki jaribio moja. Mshonaji akaketishwa kitini, mume akasimama kando ya injini iliyokuwa ikinguruma.

"Vuta, mama watoto!"

Akavuta. Mngurumo ukafifia kidogo, kama ilivyopasa, kwa kuwa hewa ya moto huidhoofisha injini.

"Rudisha!"

Akasukuma. Kishikio kikarudi, mngurumo haukurudi.

"Nimesema rudisha!"

"Nimerudisha! Ama unataka nikisukume kwa miguu?"

"Mikono ya sindano hiyo, haina nguvu."

Mshonaji akazima injini, akashuka. "Haya, panda wewe mwenye mikono ya chuma."

Akapanda. Akasukuma kwanza kwa madaha, kisha kwa hasira. Mkewe alichungulia penye injini: waya umejikunja kama mnyoo, kijilango hakijatikisika. Waya wa breki hujua kuvuta tu, na fundi hakuweka springi ya kukirudisha.

"Baba watoto, shuka uone."

Akaona. Akajikuna shingo. "Kitu kidogo hicho. Nitakirudisha kijilango kwa mkono, halafu leo sitaigusa hewa ya moto. Watu wananisubiri."

"Na kabureta ikiganda huko juu?"

"Nitavuta."

"Halafu injini ibaki hoi, ushukie paa la nani? Nitajie, nikampe taarifa mapema. Hao wa getini watakuja kukuzika kwa hamu hiihii waliyojia kukutazama."

Fundi akautazama tena ule waya. Kisha akaenda getini.

"Leo hairuki. Nimekosea kuunda."

Kicheko kikalipuka. Mwenye duka la mtaani akapaza sauti kuliko wote: "Rudi kwenye majokofu, rubani! Yale angalau hayaanguki!"

Mshonaji alikuwa ameshafika nyuma ya mumewe. "Wewe unacheka nini? Kiti chako cha dukani kina miguu mitatu na tofali, mwaka wa pili huu. Mwenzio kakosea ndege. Wewe umeshindwa na kiti!"

Kicheko kikamgeukia mwenye duka. Mshonaji akafunga geti kwa kishindo, akamkuta mumewe anatabasamu.

"Na wewe funga mdomo. Sijakusifu."