Transista Iliyomwokoa Dereva

Mtaa mzima humwita Mama Antena. Kwa miaka ishirini ametengeneza redio za upepo za magari ya wagonjwa. Asubuhi moja shemeji yake, msimamizi wa madereva, alibwaga redio moja mezani pake.

"Jana ulinikabidhi nzima, leo kituoni haisikiki. Dereva ameiangusha. Namfukuza."

"Taratibu, shemeji. Hasira haishiki bisibisi."

Aliifungua. Bodi haikuwa na ufa hata mmoja, ila transista ya mwisho, ile inayosukuma sauti hewani, ilikuwa imeungua. Huungua hivyo mtu akibonyeza kitufe cha kuongea kabla ya kufunga antena, kwa kuwa nguvu hukosa pa kutokea, ikarudi kuikaanga.

Mama Antena alikumbuka. Wapo mafundi ambao hapo wangenyamaza, na huo ungekuwa wizi wa riziki ya mtu.

"Dereva hana kosa. Ni mimi. Jana nilibonyeza kitufe nikuonyeshe taa inawaka, na antena ilikuwa bado iko kwenye droo."

"Ukiyasema hayo kwa watu, nani atakuletea kazi?"

"Wewe, shemeji. Umeshajua kwamba nikikosea nasema."

Shemeji alicheka bila kupenda, akavuta kiti. Mama Antena alichomelea transista mpya, akafunga antena kwanza, ndipo akaita kituoni. Aliyejibu alikuwa dereva mwenyewe.

"Nakupata vizuri, Mama Antena. Mwambie bosi gari liko tayari."