Ukurasa wa Mwenye Duka

Siku niliyoajiri mtu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mwajiri alisimama na mwajiriwa akakaa kwenye kiti. Sikupanga hivyo. Duka langu la mjini Baraka, kando ya ziwa, hatua chache kutoka sokoni, lina kiti kimoja, na nilikuwa nimekipangusa tangu asubuhi ili nikalie mimi, niulize maswali kama wakubwa wa bureau za serikali kule Fizi. Akaingia mama aliyenizidi miaka kama kumi na tano, kilemba kimekazwa, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mtu wa umri ule humwachi amesimama, hata kama wewe ndiye utakayemlipa. Nikampa kiti. Nikamwita yaya, kama tunavyowaita kwetu dada wakubwa, na ukubwa wangu ukaishia hapo.

Alikuwa ameishi miaka mingi kambini Tanzania, enzi watu wetu walipovuka ziwa kukimbia vita, na huko kazi yake ilikuwa kugawa unga na mafuta, kopo kwa kopo, jina kwa jina. Nikamuuliza kama anajua hesabu.

"Najua kuandika yenye inaingia na yenye inatoka," akasema. "Ingine sijui."

Akataka mshahara kila mwisho wa mwezi, kaye mpya, yaani daftari, na biki. Halafu akaongeza, "Na we pia nitakuandika. Kila mutu mwenye atakamata kitu humu, atakuwa na ukurasa yake."

Nikacheka. Nikamwambia aandike hata panya akitaka.

Sasa niseme kweli kwa nini nilimwajiri. Watu niliwaambia ni kwa sababu Jumanne na Alhamisi napanda Fizi-Centre na pikipiki, kuwapelekea walimu na watu wa ofisi sabuni na chumvi. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa naogopa kugusa pesa zangu mwenyewe. Kila gunia la sukari lilipokwisha, pesa za kwenye mkebe hazikutosha kununua gunia lingine. Nauza kutwa nzima, watu wamejaa mlangoni, na mkebe unapungua. Kwetu jambo la namna hiyo lina maelezo yake: kuna mtu anakuvuta pesa. Anakuletea noti aliyoitia dawa, wewe unaiweka pamoja na zako, nayo inaondoka na wenzake kurudi kwake. Nikaona heri pesa zipokewe na mkono mwingine, mkono ambao hakuna aliyeulenga.

Na anayevuta nilijiambia namjua. Ni jirani yangu, mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Mimi na yeye tulikimbia vita pamoja tukiwa wasichana, tukalala mkeka mmoja. Yeye ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua binti yangu wa kwanza. Lakini miezi michache nyuma alivuka barabara na noti ya dola kumi, akaomba nimvunjie iwe franka, nikamvunjia, na ni mwezi uleule mkebe ulipoanza kupungua. Bibi yangu alizoea kusema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaona methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mwanamke yule. Nikaacha kumsalimia. Akisema jambo, mimi naangalia ziwa.

Tena nikafanya baya zaidi. Nikawanong'oneza bamama wa kikundi changu cha maombi. Wakanipangia Jumapili ya kusimama na kulitaja jina lake mbele ya watu, ili aombewe. Ndivyo tulivyosema, aombewe. Lakini hakuna mtu wa Baraka asiyejua neno mchawi linafanya nini likishatoka. Niliona nyumba ya mama mmoja mzee ikichomwa kwa neno hilo, na yeye mwenyewe hakurudi tena katika mtaa ule. Hayo yote niliyajua, na bado nilikuwa tayari. Hasira yangu ndivyo ilivyo, ikishika haisikii.

Yaya akaanza kazi. Siku gunia jipya la sukari lilipofika kutoka Uvira, alinifanya nifunge mlango, akalipima lote kwa bilauri, moja baada ya nyingine, midomo ikitikisika. Bilauri mia mbili na arobaini. Akaandika. Kisha akanambia, kwa adabu kabisa, "Mama, unionyeshe mukono yako ya matabishi. Nataka kuijifunza."

Matabishi ndiyo ile nyongeza anayopewa mteja baada ya kupimiwa. Mimi nilisifika kwayo. Mkono mtupu haulambwi, nilikuwa nasema, na watoto walitumwa kutoka mitaa ya mbali waje kwangu, kwa mama wa mkono mzuri. Basi nikamwonyesha kwa fahari. Nikachota ukofi wangu, nikaumimina kwenye bilauri yake. Akaomba tena. Nikachota mara tano, bilauri ikajaa. Akasema asante, akaandika kitu, nikaenda zangu kung'aa mbele ya wateja.

Wiki zikapita. Nikiwa Fizi, yeye anauza, na matabishi anatoa kijiko kidogo tu. Nikiwepo, tunauza wawili, naye kila mara anajipinda juu ya kaye. Nilimzoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Ile Jumamosi ya mwisho, siku moja kabla ya kwenda kulitaja jina, gunia likawa limekwisha. Nikamwaga mkebe mezani, nikahesabu mara mbili. Pesa hazikufika.

Damu ikanipanda. Nikamwambia yaya yote, ile noti ya dola kumi, kikundi cha maombi, Jumapili. Nikamwambia kesho mwanamke yule atajulikana.

Hakushangaa. Akafuta meza kwa kitambaa, akaweka kaye katikati. "Mbele ya kwenda kutaja mutu," akasema, "tusome kwanza."

Akafungua siku za Jumanne na Alhamisi. Zote zilikuwa sawa, bilauri zilizotoka na pesa zilizoingia, bila kupungua hata franka moja. Akafungua siku nilizokuwa dukani. Zote zilipungua.

"Umeona?" nikasema. "Ananivuta mimi. Mi nikiwa siko, hawezi."

Yaya akalowesha kidole kwa ulimi. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka. Kisha akafunua ukurasa ambao sikuwahi kuuona, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: MWENYE DUKA.

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata pale. Nilikuwa humo kwenye ukurasa, mimi mzima. Bilauri tatu za sukari, wageni wa shemeji, hakulipa. Sabuni mbili za kanisa, hakulipa. Betri za redio. Chumvi aliyompa mama aliyefiwa. Daftari la mtoto wa dada yake. Siku nilizozisahau kabisa zilikuwa zimekaa zinaningoja, na kila moja ina saa yake. Na chini ya kila siku kulikuwa na mstari mmoja uliorudiwa: matabishi ya mwenye duka. Bilauri tano zikiuzwa, ya sita imetoka bure kwa ukofi wangu. Gunia zima likiuzwa kwa mkono huo, bilauri arobaini. Yaya akanionyesha kwa ncha ya biki kwamba faida yote ya gunia ilikuwa kwenye bilauri thelathini za mwisho. Kwa mkono huo nilikuwa naigawa yote, na kumi za mtaji juu yake.

"Zamani ilitosha," nikasema.

"Bei ya gunia ilipanda mwezi gani, kule Uvira?"

Nikakumbuka. Ulikuwa mwezi uleule wa noti ya dola kumi. Gunia lilipanda, na mimi sikubadilisha bei ya bilauri, wala mkono wangu.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya kitabu kitakachofunguliwa siku ya mwisho, kilichoandikwa matendo ya kila mtu. Sikuwahi kutetemeka. Nilitetemeka mbele ya kaye ya shule yenye alama za mafuta ya mawese kwenye jalada, iliyoandikwa na mama ninayemlipa mimi. Nilimwona yaya kama sijapata kumwona. Alikuwa ameniangalia wiki zote hizo bila kunisengenya na bila kunichukia, akiandika tu yaliyokuwapo. Sikujua kama binadamu anaweza kumtazama mwenzake kwa usafi kiasi kile.

"Iko ukurasa moja ingine," akasema.

Ulikuwa ukurasa wa wateja. Yaya alikuwa na tabia ya kumuuliza kila mgeni nani amemwelekeza kwetu. Nikasoma. Ametumwa na jirani, chumvi. Ametumwa na jirani, sabuni. Ametumwa na jirani. Nilihesabu mara kumi na moja, na mstari wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ya siku ileile.

Jumapili tunafungua saa chache tu kabla ya ibada. Nilichukua bilauri mbili za sukari, nikazifunga kwenye karatasi, nikavuka barabara nikiwa na nguo zangu za kanisa. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, rafu zake tupu. Katikati ya sakafu kulikuwa na mzigo mkubwa umefungwa kwa kitenge, na mkeka umesokotwa juu yake. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kigoma, kwa mutoto yangu. Boti inaondoka saa tatu." Alisema bila kunitazama. "Nilisikia yenye munapanga. Sikutaka unione nikichomewa nyumba."

Alikuwa amejua. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu nilipoacha kumsalimia. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliendelea kuniletea watu mpaka jana.

Akanishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Chumvi ilikuwa imekwisha kwangu. Ulitaka nibaambie Baraka haiko chumvi?"

Nilikuwa nimelala mkeka mmoja na mwanamke huyu na sikumjua hata kidogo. Kuomba msamaha kulinishinda. Nikafanya jambo la kitoto: nikaukalia mzigo wake. Akaniambia nitoke, nikasema sitoki. Akavuta kitenge, nikajizidisha uzito.

Bamama wa kikundi wakapita kunitafuta, wamependeza, Biblia kwapani. Wakasimama mlangoni. "Mama, tunakungoja. Utamutaja?"

"Mumeshamupata," nikasema nikiwa juu ya ule mzigo. "Ni mimi. Ni mukono yangu. Muniombee mimi." Nikauinua mkono wauone. Sijui walielewa nini, lakini waliondoka, na jirani yangu akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge na kulia. Nami nikalia. Tulisikia mlio wa injini ya boti ikitoka ufukweni, ukazidi kwenda mbali. Halafu akaniambia nishuke, kwamba sufuria ya chai imo ndani ya mzigo nilioukalia.

Jumatatu yaya hakuwa na haja ya kuniuliza, Jumapili aliyaona yote kutoka mlangoni mwetu. Nikasubiri ahudumie wateja, kijiko chake kidogo cha matabishi mkononi, kisha nikafungua kaye kwenye ukurasa wangu. Alikuwa ameandika mistari miwili ya Jumapili. Imetoka: sukari, bilauri mbili, hakulipa. Imeingia: jirani.

Nikatoa pesa za sukari, nikampa. Akaandika nimelipa. Ule mstari wa pili hakunidai kitu.