Koti Lililobeba Vidole vya Fanueli

Fanueli Kalinga ana vidole saba. Nasema mapema ili usije ukadhani nimeshindwa kuhesabu. Hesabu nilifaulu, kilichonishinda chuoni Mbeya ni ada, na diploma yangu ikabaki nusu, kama mkono wake wa kushoto.

Vidole vitatu vilibaki kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao huku Nyololo, Mufindi. Sikitaji kiwanda, maana bado wananiletea karatasi nitoe fotokopi. Wapasua mbao wengi wa huku wamepungua mahali fulani. Wakikaa kilabuni wakaagiza bia kwa kunyoosha vidole, mhudumu lazima aulize mara mbili.

Fidia yake ilitoka baada ya miaka miwili na barua kumi na moja, ambazo zote nilimchapia mimi. Wenzake wakilipwa hununua pikipiki, na baada ya miezi sita hawana pikipiki wala vidole. Fanueli hakununua kitu. Alikuja kwenye kibanda changu cha stesheneri, akakaa kwenye kreti la soda, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Saulo, nasikia kuna pesa haishikiki."

"Ipo, bamdogo," nikamjibu; namwita hivyo kwa heshima tu, si ndugu yangu. "Inaitwa bitcoin."

"Basi hiyo ndiyo ya kwangu. Mimi kushika kumenishinda."

Nilicheka peke yangu. Yeye hakuwa anatania. Alitaka ile fidia ikae mahali asipoweza kuila, ikue mpaka ifikie bei ya mashine ya kusaga mahindi. Siku hiyo angeuaga msumeno. "Nataka niondoke nikiwa na hivi saba," alisema, akavipanga juu ya meza yangu kama mtu anayeuza karoti. "Nikikaa pale miaka mingine kumi, Saulo, nitakuja kula kwa kulishwa."

Huo ulikuwa mwaka 2020. Tukapanda basi hadi Mbeya, tukamwona Isakwisa, niliyesoma naye, ambaye ana duka la simu Mwanjelwa. Isakwisa alitununulia hiyo bitcoin na kutuuzia kifaa kidogo mfano wa flashi, chenye kioo na vitufe viwili. Kwa wasiojua, pesa yenyewe haimo mle. Mle umo ufunguo, na kwa kuwa kifaa hakikai kwenye mtandao, mwizi wa mtandaoni hana pa kupitia. Unakifungua kwa namba ya siri ya tarakimu nane. Ukikosea mara tatu, kinajifuta. Kikijifuta, au kikiibiwa, au kikianguka chooni, unanunua kingine na kukiingizia maneno ishirini na manne uliyopewa siku ya kwanza, kwa mpangilio uleule, na ufunguo unarudi.

Hapo ndipo nilipojifanya mwalimu. Mungu anisamehe, nilifundisha vizuri.

"Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa," nikamwambia. "Isiwe namba ya simu. Isiwe moja mbili tatu nne mpaka nane."

"Hiyo ya mwisho ndiyo nilikuwa nataka kuandika."

"Isiwe kitu ambacho mtu anayekujua anaweza kukibahatisha. Hata mkeo."

"Devota hawezi kubahatisha hata ninachotaka kula."

"Namba hiyo usiiandike popote. Na yale maneno usiyapige picha. Usiyatie kwenye simu. Karatasi inaoza, inaungua, inaliwa na panya. Tafuta mahali pagumu. Na usimwambie mtu yeyote. Hata mimi."

Akanisikiliza kama mtoto wa kipaimara. Siku tatu baadaye alirudi kibandani anatabasamu, akanigeuzia mgongo, akabonyeza namba yake. Baada ya miaka ndipo nilipojua alikoitoa. Njiani kwenda kiwandani, pembeni mwa shamba la miti, kulikuwa na paini moja nene ambayo wapima miti walikuwa wameipaka namba kwa rangi nyeupe: namba ya kitalu, mwaka wa kupandwa, namba ya mti. Tarakimu nane. Alipita hapo kila asubuhi. Nani angehangaika kubahatisha mti?

Na yale maneno? Ni maneno ya Kiingereza, hayahusiani hata kidogo, kama orodha ya sokoni ya mtu aliyelewa. Fanueli hakujua maana ya hata nusu yake. Aliyanakili kwa maka peni kwenye bitana ya koti la mama yake.

Usicheke, au cheka kidogo. Mama yake, Bibi Faustina, aliishi kijijini kwao, nusu saa kwa pikipiki, na koti lile la mtumba, zito, la kijani, alikuwa halivui. Alilimia nalo, alisalia nalo kanisani kwa Walutheri, na nadhani alilala nalo, maana baridi ya kwetu mwezi wa saba haichagui saa. Hakuna mwizi angelitamani. Hakuna panya angeweza kulisogelea, bibi akiwa ndani. Fanueli aliliomba ashone mfuko wake uliotoboka, akafumua bitana, akaandika upande wa ndani, akaishona tena kwa vidole saba, Jumamosi mbili nzima. Bibi akamsifu kwa jirani zake kwamba mwanawe anamjali.

Bei ilipopanda hakugusa. Iliposhuka hakugusa. Mimi ningekuwa nimeuza mara nne na kujuta mara tano.

Mwaka 2023 lile shamba la miti likavunwa. Magogo yakaja kiwandani, na msumeno uliokuwa zamu ni wa Fanueli. Anasema aliitambua ile paini kwa unene wake. Gogo likiingia, kinachokatwa kwanza ni mabanzi, yale magamba ya pembeni yenye ganda, na rangi nyeupe ilikuwa kwenye ganda. Yeye mwenyewe aliyakata. Mabanzi yakapakiwa kwenye mkokoteni, yakauzwa kuni kwa wapika pombe.

"Sasa mbona hukuinakili?" nilimuuliza baadaye.

"Uliniambia nisiandike popote. Halafu nilikuwa naikumbuka."

"Ulikuwa unaikumbuka mti ukiwepo."

"Ndiyo, Saulo. Nilikuwa naikumbuka mti ukiwepo."

Hata hivyo hakuwa na wasiwasi. Maneno yalikuwa kwa mama.

Bibi Faustina alifariki Julai ya mwaka uliofuata, kifua kilibana siku nne tu. Fanueli alizika, akalia, akachinja. Baada ya matanga wanawake wa ukoo walikaa kwenye mikeka uani kugawa nguo za marehemu. Kwao mtoto wa kiume hagusi nguo za mama yake aliyekufa, wala haziombi. Anayeziomba ana lake jambo, na jambo lenyewe watu huliita ndagu, ile dawa ya utajiri inayosemekana hulipwa kwa roho ya ndugu. Fanueli alisimama karibu na banda la nguruwe akaona koti likikung'utwa, likazungushwa, likatua mabegani mwa mama yake mdogo, Apolonia, aliyekuja msibani kutoka bonde la Usangu. Angesema nini? "Naomba koti, lina pesa ndani"? Mbele ya ukoo, kaburi halijakauka?

Akaliacha liende. Alijiambia kifaa anacho, namba anayo, koti litafuatwa taratibu.

Mwisho wa mwaka ule bei ikaruka. Nilimwonyesha kwenye simu yangu, na mtu mzima akakaa chini kwenye sakafu ya kibanda. Ilikuwa mashine ya kusaga, jengo lake, na mabati ya nyumba juu yake. Akatoa kifaa kwenye soksi. Akabonyeza taratibu, tarakimu sita bila kusita, mbili za mwisho akiangalia dari.

Umekosea. Zimebaki mara mbili.

Akafumba macho, akatembeza kidole hewani kama anausoma mti. Akabonyeza tena.

Umekosea. Imebaki mara moja.

"Acha!" nikamnyang'anya. "Bamdogo, acha hapo hapo. Yale maneno uliweka wapi?"

Ndipo aliponiambia habari za koti. Nimewahi kuambiwa nimefeli, nimewahi kuambiwa nimeachwa, lakini habari hiyo ndiyo iliyonifanya nifunge kibanda mchana kweupe.

Tulifika Usangu Februari. Ukishuka kutoka baridi ya Mufindi hadi kule unahisi mtu amekufungulia tanuri, na hapo tu ningejua tumechelewa. Nani avae koti kule? Mama Apolonia alikuwa anapepeta mpunga.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona bila taarifa? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kuna anayeumwa."

"Tumekuja kukusalimia tu."

"Kutoka Nyololo, kunisalimia? Mimi ni Mbena mwenzako, Fanueli. Hatutoki nyumbani bure." Akanigeukia. "Na huyu mwembamba ni nani?"

"Ni Saulo, fundi wa kompyuta."

"Fundi na hana hata begi."

Tulikula wali. Fanueli alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya mbolea, akarudia mvua. Niliona hataweza, nikauliza mimi. "Mama mdogo, lile koti la marehemu bado lipo?"

Hakunitazama mimi. Alimtazama Fanueli, na ungo ukatulia mikononi.

"Koti la nini?"

"Mama mdogo," Fanueli akasema, "kuna kitu niliandika ndani."

"Uliandika kitu. Ndani ya nguo ya mama yako."

"Maneno tu."

"Maneno gani?"

"Ya Kiingereza. Siyajui maana yake."

Nilitamani nimzibe mdomo. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kweli ilimzamisha.

"Akayavaa mgongoni asijue," mama mdogo akasema polepole. "Akafa kifua. Na wewe leo unayafuata, na kuna pesa inakungoja. Kweli si kweli?"

"Ipo pesa, lakini siyo..."

"Toka kivulini mwangu."

Nikajaribu kueleza. Nilieleza kifaa, nikaeleza mtandao, nikaeleza namba ya siri. Jaribu wewe kumweleza mama aliyefiwa na dada yake kwamba pesa ipo lakini haipo mahali popote, na hufunguliwa kwa maneno ya siri yaliyofichwa kwenye nguo ya marehemu. Nilipofika katikati hata mimi nilianza kumshuku Fanueli.

Akaingia ndani. Akatoka na fimbo, na kwenye ncha ya fimbo vitambaa viwili. Koti lenyewe lilikuwa limeuzwa kwa dereva wa lori. Bitana alikuwa ameifumua siku ya kwanza, akidhani yale maandishi ni ya kiwandani, akaifua kwa maji ya moto na kuikata vipande vitatu. Kimoja alikuwa amekisokota kuwa kata ya kubebea ndoo. Kingine cha kushikia sufuria, na kimeungua pembeni. Cha tatu alimpa jirani mfugaji amfunge ndama aliyevunjika mguu.

"Na ndama yuko wapi?" nikauliza.

"Wamehama na ng'ombe wao. Mwezi umepita." Akavirusha vile vitambaa miguuni pa Fanueli bila kuvigusa. "Chukua dawa yako. Na usirudi hapa, wala siku nikifa usije."

Tulivikunjua kando ya barabara, tukisubiri gari. Kwenye kata neno la kwanza hadi la saba, yamefifia lakini yanasomeka. Kwenye kitambaa cha sufuria la kumi na tano hadi la ishirini, kisha kuungua. Kumi na tatu.

"Kumi na tatu ni zaidi ya nusu," Fanueli akasema.

"Ni zaidi ya nusu, bamdogo."

"Hayo kumi na moja huwezi kuyabahatisha? Wewe umesoma."

"Kila moja linatoka kwenye orodha ya maneno elfu mbili na ushee. Ni kama nikupe vumbi la mbao urudishe mti."

Akatikisa kichwa. Vumbi la mbao analijua. Tulipopita Makambako alikunja vile vitambaa vizuri, akavitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Habari ilifika kijijini kabla yetu. Simu ya mama mdogo ilikuwa na salio. Sasa Fanueli akiingia kanisani benchi linapungua watu. Kaka yake, Bartolomeo, amesimamisha kujengea kaburi la mama yao hadi kikao cha ukoo kikae, na kikao hakikai. Devota hajaondoka, ila analala na watoto chumba kingine, na kila nguo anayofua anaigeuza kwanza ndani nje. Kwa ndagu ambayo hata senti haijatoka, huyu ndiye mchawi maskini kuliko wote Nyanda za Juu.

Mimi ndiye niliyemwambia asimwambie mtu. Nimewaambia watu wengi vitu vingi kwenye kibanda kile, na hakuna anayefuata. Huyu alifuata.

Juzi nilipeleka fotokopi kiwandani, nikamkuta amekaa juu ya mabanzi wakati wa mapumziko ya chakula. Kifaa kilikuwa mkononi, kimechomekwa kwenye pawabenki niliyomwazima. Alikuwa anabonyeza.

"Umefika tarakimu ya ngapi?"

"Ya saba."

"Usithibitishe, bamdogo."

"Sithibitishi. Naandika halafu nafuta. Kila siku naandika tofauti." Akapuliza vumbi kwenye kioo. "Leo nilidhani ni nne na tisa. Jana nilidhani ni tisa na nne."

"Ukibonyeza mara hiyo moja?"

"Nitajua."

Kengele ikalia. Akafuta tarakimu zote, akachomoa waya, akanirudishia pawabenki na kuniambia niichaji vizuri maana kesho atahitaji tena. Kifaa akakitia mfukoni pamoja na vile vitambaa. Gogo lilikuwa limeshapanda kwenye reli. Akaliwekea mkono wa kulia, ule wenye vidole vyote, akaanza kulisukuma.