Msuli wa Mzee wa Malesia

Joackim Rutashobya wa Buhembe alipasuliwa ngiri mwaka elfu mbili na kumi na nane. Hapana, nisiseme uongo, ulikuwa kumi na tisa, maana kumi na nane alikuwa bado anakata mikungu yake mwenyewe na kuibeba. Alipasuliwa Muleba, na daktari akamwambia mwezi na nusu asivae suruali, mkanda usije ukagusa kidonda.

Sasa mzee wa Kikatoliki, miaka sitini na minne, avae nini? Alilala wodini kajifunika shuka, akiwaza atatokaje mle. Ndipo akaingia Muksini wa Kemondo, muuza samaki wakavu, rafiki yake tangu ujana wao walipokuwa wakipakia mizigo bandarini. Akatoa nguo iliyokunjwa vizuri, ya zambarau iliyokolea, yenye mistari myembamba ya kijani.

"Munywani wangu," akasema, yaani rafiki kwa Kihaya, "vaa msuli huu. Hauna mkanda, hauna zipu, hauna ugomvi."

Akamweleza habari zake. Huko hija, kwenye mahema ya Mina, alilala jirani na mzee mmoja wa Malesia. Hawakujua lugha moja. Walisalimiana na kupeana tende tu. Siku ya kuagana yule mzee akampa saruni yake, ndivyo wanavyoita kwao, akamwonyesha kwa vidole kwamba ule mshono unaoifanya nguo iwe duara kaushona kwa mkono wake mwenyewe. Muksini alikuwa akiuvaa siku za Idi tu.

Basi Joackim akafundishwa: ingia ndani, vuta kitambaa chote upande mmoja, kikunje kurudi katikati, viringisha kiunoni. Akatoka hospitali anatembea kama mtu aliyebeba mayai, lakini anatembea.

"Shehe Joackim!" majirani wakamtania. "Jumapili tukuone kanisani au wapi?"

"Kanisani," akajibu, "ila mimi napata upepo kuliko ninyi."

Wiki ya pili ndipo kosa likatokea. Mkewe, Restituta, aliona mumewe anavyoumia kuinua mguu ili aingie kwenye lile duara. Yeye maisha yake yote kavaa kitenge: kitambaa kiko wazi, unazungusha, unafunga, basi. Akaona hili duara ni ushonaji wa mtu asiyejua. Baada ya kuufua akachukua wembe, akafumua mshono wote, nyuzi akazitupa kibanjani kwenye majani makavu ya migomba, akaja anafurahi.

"Baba Edvina, nimekutoa kwenye gunia. Sasa utafunga kama mimi."

Joackim akautazama. Akakaa.

"Mama Edvina," akasema taratibu, "uzi huo alishona yule mzee wa Malesia. Kwa mkono wake."

Restituta alirudi kibanjani kupekua majani, lakini kuku walishapita. Wakaupeleka msuli kwa fundi Kahangwa sokoni, akaushona kwa cherehani.

"Umenyooka kuliko wa kwanza," Kahangwa akajisifu.

"Hiyo ndiyo shida," Joackim akajibu.

Kidonda kikapona, suruali ikarudi, lakini msuli ukabaki kabatini. Muksini akipiga simu, Joackim anaiacha iite mpaka inyamaze. Atamwambiaje? Urafiki wa miaka arobaini, uje uvunjwe na wembe!

"Nenda ukaseme," Restituta akamwambia mwishowe, "ama naenda mimi."

Akaenda Kemondo, msuli kaukunja kwapani. Muksini alikuwa nje na mkewe, Sumaiya, wakianika dagaa. Alipomwona tu akasimama, dagaa wakamponyoka mkononi. Joackim hata hakusalimia. Aliyasema yote palepale, wembe, kuku, cherehani.

"Ni hilo tu?" Muksini akauliza.

"Ni hilo."

Muksini akakaa chini, akashika kichwa. "Sumaiya, umesikia? Ni uzi! Mtu hapokei simu mwezi mzima, anakuja na uso wa matanga, mimi najua ugonjwa umerudi, anakuja kuniaga!"

"Shemeji, huyu alikuwa halali usiku," Sumaiya akasema. "Kila anayetoka Buhembe anamuuliza, umemwona Joackim? Anatembea?"

Wakacheka mpaka Joackim akashika tumbo mahali alipopasuliwa. Muksini akapitisha kidole kwenye mshono mpya.

"Kahangwa naye! Hata uzi wa zambarau hakuwa nao." Akauvaa hapohapo, juu ya suruali.

Joackim akasikia njaa, njaa ya kweli, ya kwanza tangu siku ile ya wembe. Akakaribishwa ndani, na akipita nyuma ya nyumba akaona kwenye kamba misuli mingine minne inakauka, yote mizuri, ya dukani.

"Munywani, yote hii ulikuwa nayo. Kwa nini uliniletea ule?"

Muksini akamsogezea kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile wanayokaribishia wageni. Joackim aliuliza tena siku ya Idi, akamuuliza hata Sumaiya, na mpaka leo hakuna aliyemjibu: kwa nini ule?