Bega Chini ya Jeneza

Siku hizi naendesha lori la simenti kati ya Arua na Koboko. Nikifunga breki stendi, vijana wa bodaboda wananiita Dereva, wanauliza kama leo nitasimama au nitapita, kisha wanacheka mpaka wanashika pikipiki zao wasianguke. Utani huo una miaka sasa. Mimi uliniudhi siku ya kwanza na unaniudhi leo, na sitajifanya mtu wa moyo mkubwa.

Nilizaliwa Oli, mtaa wa Arua, katika ukoo wa wanaume walioendesha malori ya jeshi. Babu aliendesha, baba akaendesha, na zamu yangu ilipofika jeshi lilikuwa halina haja na watu wa kwetu tena. Nikaingia gereji. Baba alikuwa ameshakufa, na mama alitulea kwa chai na chapati alizouza karibu na daraja. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa jeneza.

Kwetu sisi Wanubi, ukikutana na jeneza njiani, unasimama. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye gari anazima injini. Unakwenda unaweka bega chini ya jeneza, unalibeba hatua chache hata kama humjui maiti, kisha unarudi kwenye shughuli zako. Siku moja, bado mtoto, niliwapita watu wa mazishi na baiskeli huku nikipiga kengele ili wanipishe. Mama alinichapa mbele ya wateja wake, akanirudisha mbio niwafuate mpaka makaburini.

"Siku moja ni mimi nitalala juu ya hiyo kitu," aliniambia niliporudi. "Nataka mutu asimame."

Kwenye mashindano ya magari niliingia kwa mlango wa nyuma. Hajji mmoja wa Arua, muuza mabati na vipuri, alikuwa na gari la rali, nami nikawa fundi wake. Dereva wake alipolazwa na malaria, mimi ndiye nililipeleka gari kwenye majaribio, na niliporudi Hajji hakunirudisha tena chini ya gari. Kwa miaka kadhaa nilikula vumbi la Mbarara na matope ya Jinja. Watu wanadhani dereva wa mashindano anaishi kama waziri. Mimi nililala kwenye turubai kando ya gari, nilivunjika mfupa wa bega, na madereva wa kusini wenye magari mapya waliniuliza kama kwetu tumeshapata barabara. Niliwajibu kwa kuwapita. Si wote, lakini niliwapita wengi, na redio za nyumbani zikaanza kunitaja.

Kisha wenye mashindano wakaamua duru moja ije kwetu, West Nile. Hajji akaniita dukani. Akasema nikimaliza kati ya watatu wa kwanza mbele ya watu wa nyumbani, atanunua gari jipya na nitaendesha msimu mzima, Uganda na nje. Nikishindwa, usukani atapewa mpwa wake, kijana aliyetoka Kampala na glavu mpya zenye harufu ya dukani. Niliondoka pale nikitembea kama niliyekwisha kulipata hilo gari.

Asubuhi ya mashindano tuliondoka Koboko vizuri. Nilikuwa na msomaji wangu, mwalimu wa hesabu kutoka Dadamu. Kazi ya msomaji ni kukaa kando ya dereva na kumsomea kona kabla hajaziona, na yule bwana alizisoma kwa sauti ileile ya darasani hata tukiwa hewani. Tulipoingia barabara ya marram, ule udongo mwekundu usio na lami, upande wa Abuku, tulikuwa wa tatu, na wa pili alikuwa ameanza kuharibikiwa. Muhogo ulikuwa umeanikwa juu ya miamba, watu wamejaa kwenye kingo, na wote walikuwa wakipiga kelele kwa ajili yangu. Sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi dakika zile. Nalisema hili ili ijulikane nilikuwa na kitu cha kupoteza.

"Kushoto ndefu, inabana mwishoni," alisoma mwalimu.

Mwishoni mwa ile kona niliona kanzu nyeupe. Watu wa mazishi walitaka kuvuka kwenda makaburini, na walikuwa wamelitua jeneza kwenye majani, kando ya barabara. Njia ilikuwa wazi. Hilo nalikubali, nimeulizwa mara nyingi sana. Gari lingepita bila kumgusa mtu. Lakini mguu wangu ulikuwa umeshakanyaga breki kabla ya kichwa kusema lolote, gari likaserereka pembeni, nikazima injini.

"Pita!" mwalimu alipiga kelele, na hiyo ndiyo mara pekee niliyosikia sauti yake ikipanda. "Barabara iko wazi, bwana! Pita!"

Nilifungua mikanda, nikavua helmeti, nikaenda. Wale watu walinitazama kama niliyeanguka kutoka mbinguni. Ilibidi wainame walinyanyue jeneza ili nipate pa kuweka bega, lile lile lililovunjika. Mwalimu alikimbia nyuma na pembetatu nyekundu kuwaonya waliotufuata, wasimamizi wakapuliza filimbi, na mimi nikavuka barabara na maiti nisiyemjua. Nilipotoka chini ya jeneza, magari mawili yalikuwa yameshatupita. Tulimaliza nyuma sana.

Jioni Hajji alinipokea kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Kijana yangu," alisema, "jina yangu iko kwa mlango ya ile gari. Watu yote naona jina yangu imesimama."

"Hajji, ilikuwa jeneza."

"Najua ilikuwa jeneza."

"Na wewe ungepita?"

"Mimi hapana dereva," alisema, akanyoosha mkono nimpe funguo. Huyu ni mtu anayeswali safu ya mbele kila Ijumaa. Nilimpa funguo, na tangu siku hiyo salamu yake naijibu kwa sababu dini inanilazimisha, si kwa sababu nyingine.

Nilidhani walau watu wa Abuku wangeniunga mkono. Siku chache baadaye nilikuwa hoteli moja ya chai pale Koboko, na mmoja wa wale waliobeba alikuwepo. Aliniuliza mbele ya wote.

"Dereva, kwa nini wewe nasimama? Sisi naweka jeneza chini sababu yako. Sisi nangoja mutoto yetu apite."

"Niliweka heshima kwa maiti, mzee."

"Maiti iko na haraka ya kwenda wapi?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Waliniambia nimewaangusha, nimeiaibisha Koboko mbele ya watu wa Kampala. Nilinyanyuka, chai nikaiacha. Watu waliozaliwa ndani ya mila ileile, waliochapwa kwa kosa lilelile, walinicheka kwa kuifuata.

Mama peke yake hakucheka. Nilipomsimulia alinimiminia chai, akasukuma chapati mbele yangu, akasema, "Ulifanya muzuri." Kisha akauliza, "Sasa utakula nini?" Wiki ile nikaomba kazi ya lori.

Mama alifariki mwaka jana. Asili yake ilikuwa Abuku, na aliomba azikwe kwao, kwa hiyo tulimpeleka kwenye makaburi yaleyale. Ilikuwa siku ya kawaida, adhuhuri imepita. Tulimfunika kitambaa cha kijani, nikabeba mbele upande wa kulia, na tulipokaribia barabara nikasikia gari.

Nililijua kabla sijaliona. Ile injini ina kikohozi kwenye gia ya tatu ambacho mimi mwenyewe nilihangaika nacho nisiweze kukitibu. Mpwa wa Hajji alikuwa anafanya mazoezi, na alikuwa anaingia kushoto ndefu inayobana mwishoni. Marram ilikuwa kavu. Kwa mwendo ule, akituona katikati ya barabara akakanyaga breki, ataserereka mpaka juu yetu. Na kama hatakanyaga, basi tena. Mikono yote iliyobeba jeneza ilikuwa inanisubiri mimi, kwa kuwa ni mimi mtoto wake na ni mimi dereva.

"Tueni," nilisema. "Mtueni majanini. Apite."

Tukamtua. Vijana wa mazishi wakakimbilia ukingoni, simu juu. Gari likatokea, lile lile, mlangoni jina la Hajji. Alituona, nililiona helmeti lake likigeuka. Hakupunguza hata kidogo. Na kona aliikata vizuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi, aliikata vizuri kuliko nilivyowahi kuikata mimi. Vijana wakashangilia. Nilimchukia, nikawachukia na wao, na papo hapo mguu wangu wa kulia, ndani ya kandambili, ulikuwa umekandamiza udongo kwa nguvu zote, ukimkanyagia mafuta.

Vumbi likatushukia. Nilivua kofia yangu nikapangusa kitambaa cha mama, lakini udongo wa Abuku ni mwekundu, haukutoka wote.

"Dereva," kijana mmoja aliniuliza, bado anahema, "umeona vile amekata?"

Nikamwambia nimeona. Kisha nikainama, nikaweka bega, tukavuka.