Joto la Neptuni, Mandewa

Sina hakika kama haya nayaandika sawasawa, maana niliishia darasa la saba na mambo ya sayari nayajua kwa kusimuliwa tu. Nitakapokosea, kosa ni langu, si la binti yangu.

Yeye anasoma nje. Anapima joto la hewa ya Neptuni, sayari iliyo mbali kuliko zote zinazozunguka jua letu, kwa darubini zinazoona joto ambalo macho hayalioni. Alikuja likizo hapa nyumbani Mandewa na barua: chuo kinamtaka aendelee miaka mingine minne. Baba yake ni marehemu, kwa hiyo nilimwambia haondoki mpaka baba yake mkubwa wa Sepuka akubali. Nilisema hivyo kwa heshima. Pia, nisidanganye, nilijua mzee atakataa.

Shemeji alifika Jumamosi asubuhi. Binti akampa shikamoo, akatoa kipimajoto cha bastola, kama kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Akapima ukuta wenye jua, kisha akampima mzee.

"Bila kunigusa?"

"Bila kukugusa, baba mkubwa. Kila kitu kinatoa joto lake, sisi tunalipokea tu kutoka mbali."

"Na mimi na ukuta nani zaidi?"

"Ukuta umekuzidi kidogo."

"Aa, huo haujazeeka!"

Binti akaenda dukani kufuata soda. Mzee akabaki na kile kipimajoto, akakielekeza ubavuni mwa sufuria yangu iliyokuwa jikoni. Nilikuwa nimeisugua kwa mchanga na majivu mpaka inang'aa, maana shemeji hapikiwi kwenye sufuria yenye masizi.

"Thelathini na tano! Shemeji, haya maji yanachemka au hayachemki?"

"Yanachemka."

"Kifuniko kinaruka, mashine inasema vuguvugu. Sasa huko mbinguni si wanadanganyana? Abaki. Walimu wanatafutwa hapa hapa Singida."

Nilijua kosa liko wapi. Kiwandani tunakokamua alizeti, fundi alipaka kiraka cheusi kwenye pipa la mafuta kwa sababu kipimajoto kama hicho hudanganywa na bati linalong'aa. Nikanyamaza, nikaendelea kuchambua mlenda. Mzee hakukosea kuuliza, alipima alichokiona. Aliyekosea ni mimi, na moyo wangu ulifurahi.

Lakini sikutulia. Nilisimama, nikakaa, nikaenda kuleta chumvi ambayo tayari nilikuwa nayo. Binti akarudi na soda zake. Mzee akakohoa, akaanza, "Mwanangu, nimefikiri..."

Nikamkatiza. Tangu niolewe sijawahi kumkatiza shemeji. "Samahani, shemeji. Pima tena hapa." Nikasugua kipande cha mkaa ubavuni mwa sufuria mpaka pakawa peusi.

Akapima. Tisini.

Akaniangalia. "Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunigombeza. Akamgeukia binti. "Huko kwenye sayari yako, nani anakupakia mkaa?"

"Hakuna, baba mkubwa. Inabidi kwanza tujue hewa ile ina nini ndani yake, na inatoa joto namna gani. Tukikosea hapo, joto lote tumekosea."

"Na mnajua?"

"Si vizuri. Wakubwa wetu nao wanabishana."

Mzee akafungua soda, akanywa. "Ungeniambia mnajua kila kitu ningekuzuia. Nenda."

Binti akapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mzee akala, akaongezewa mlenda mara mbili.

Ataondoka Alhamisi. Kila anayekuja kumuaga, binti humwambia, "Mama ndiye aliyenitetea," na wananipongeza, nami naitikia. Hajui kwamba alipokuwa dukani mzee alisema abaki, nami nikanyamaza. Shemeji anajua, na hakusema. Leo nimemfuata binti chumbani mara tatu. Mara ya kwanza nilimuuliza kama amepakia sweta, mara ya pili pia sweta. Mara ya tatu akacheka, "Mama, una nini?" Nikakaa kitandani, juu ya nguo zake alizokunja, nikaanza kumwambia.